Majina ya Wafaransa Hayasomwi kwa Kamusi Pekee

Mhariri,

Wiki iliyopita gazeti lenu lilichapisha, katika ukurasa wa michezo, makala fupi iliyoyageuza kwa Kiswahili majina ya kikosi cha Ufaransa kilichotwaa Kombe la Dunia mwaka 1998. Nahodha Didier Deschamps aliitwa Bwana Mashamba, Emmanuel Petit akawa Bwana Mdogo, Laurent Blanc akawa Bwana Mweupe, na Frank Lebœuf, aliyeshika nafasi ya Blanc katika fainali kwa kuwa mwenzake alikuwa ametolewa kwa kadi nyekundu kwenye nusu fainali dhidi ya Croatia, akapewa jina la Bwana Ng'ombe. Barazani kwetu Kibokoni makala hiyo ilisomwa kwa sauti, kahawa ikamwagika kwa vicheko, nami nilikuwa miongoni mwa waliocheka. Hata hivyo, mwandishi alipotoka kwenye mpira akaingia katika majina mengine, akatuambia kwamba Lesueur ni Bwana Jasho, Pasteur ni Bwana Kasisi na Renard ni Bwana Mbweha, niliona ameteleza. Kwa kuwa nimewatembeza wageni wanaozungumza Kifaransa katika Mji wa Kale kwa miaka 26, nikiyaandika majina yao kwenye kibao cha kuwapokelea uwanja wa ndege na kuwauliza maana yake tukiwa njiani, naomba nafasi nieleze kosa liko wapi.

Jina la ukoo lililotokana na nomino ya kawaida ni neno lililochukuliwa kwenye lugha ya mtaani karne nyingi zilizopita, likabandikwa mtu, likarithiwa na watoto wake, huku lugha yenyewe ikiendelea kubadilika bila kulingoja. Anayelifasiri jina la namna hiyo kwa kamusi ya leo mara nyingi huwa anafasiri neno jingine kabisa.

Lesueur ndiyo mfano ulio wazi. Ni kweli kwamba leo sueur ni jasho. Lakini katika Kifaransa cha kale lilikuwapo neno jingine lenye sura hiyo hiyo, lililotoka katika Kilatini sutor, yaani mshonaji, nalo lilimtaja mtu anayeshona viatu. Fundi huyo baadaye akaja kuitwa cordonnier, neno ambalo nalo lina safari yake, kwa maana linatokana na ngozi nzuri iliyosifika kutoka Córdoba, ule mji wa Andalusia ambao wasomaji wa vitabu vya Kiarabu wanaujua kwa jina la Qurtuba. Cordonnier likatawala sokoni, sueur ya viatu ikafa, ikabaki kwenye vyeti vya watu tu. Kwa hiyo Lesueur ni Fundi Viatu, na jasho lake halizidi la fundi mwingine yeyote.

Kuhusu Pasteur, mwandishi wenu alikuwa karibu kupatia bila kujua. Lau angeandika Mchungaji badala ya Kasisi, nisingekuwa na la kusema, kwa sababu Kiswahili chetu kimebahatika kuwa na neno moja kwa mwenye kondoo na kwa mwenye waumini. Katika jina hilo la Kifaransa anayetajwa ni yule wa kondoo, sawa na mwenzake Berger. Na Louis Pasteur, mwanasayansi aliyezaliwa Dole mwaka 1822, hakutoka katika nyumba ya wachungaji wa aina yoyote ile: baba yake alikuwa mtengenezaji wa ngozi.

Katika majina ya Ulaya hakuna fundi aliyeacha uzao mkubwa kama mhunzi, na sababu yake si ngumu kuiona. Kila kijiji kilihitaji majembe, farasi walihitaji kupigiliwa vyuma kwatoni, na mara nyingi mhunzi alikuwa mmoja tu, hivyo kumwita kwa kazi yake kulitosha kabisa kumtenga na akina Pierre wengine. Kilatini kilimwita faber. Kusini mwa Ufaransa jina hilo likawa Fabre na Faure. Upande wa milima ya Savoie likawa Favre. Na kaskazini, ambako watu walipenda kutanguliza neno dogo le mbele ya jina, likawa Lefèvre na Lefebvre. Ile herufi b ya Lefebvre haitamkwi hata kidogo. Iliingizwa na makarani waliotaka kuonyesha kwamba Kilatini wanakijua, na kwa kuwa zamani hapakuwa na tofauti ya wazi ya maandishi kati ya u na v, wako waliolisoma vibaya jina hilo hadi likazaliwa jingine, Lefébure, ambalo lina watu wake hadi leo. Ukienda Bretagne, mhunzi ni Le Goff kwa lugha ya Kibretoni; ukienda Alsace, ambako wenyeji walizungumza lahaja ya Kijerumani, ni Schmitt. Neno fèvre lenyewe limetoweka katika mazungumzo, nafasi yake imechukuliwa na forgeron, ila limejibanza ndani ya orfèvre, ambaye sisi tunamwita sonara.

Mara moja nililiandika jina hilo kibaoni kwa kulisikia kwenye simu tu, nikaandika Lefevre. Mgeni wangu alipita mbele yangu mara mbili, mkoba mkononi, akitafuta b yake.

Sisi wa Mombasa hatuna haja ya kushangazwa na mambo hayo. Tunao akina Haddad wenye asili ya Hadhramaut na akina Luhar wenye asili ya Gujarat, na majina yote mawili maana yake ni mhunzi. Nimewahi kuwaona wawili wa majina hayo wakiuziana simu ya mkononi bila kujua kwamba ni wajina.

Mwandishi wenu pia alisema kwamba Fournier na Boulanger ni jina moja, Bwana Mwokaji. Hapo kosa ni dogo, lakini lina faida kulieleza. Four ni tanuri. Katika vijiji vingi vya Ufaransa ya zamani tanuri lilikuwa mali ya bwana wa eneo, na wanakijiji walilazimika kuoka mikate yao humo na kulipa ushuru, hata kama mtu angeweza kujijengea lake uani. Fournier ndiye aliyelitunza tanuri hilo, akichochea kuni na kupanga zamu. Mara nyingi unga na kinyunya vilikuwa vya wanakijiji wenyewe. Cha kwake kilikuwa moto. Boulanger ni neno lililokuja baadaye kutoka kaskazini, upande wa Picardie, kutokana na neno la mkate wa mviringo, nalo linamtaja mwenye kuutengeneza mkate huo. Dufour, kwa upande wake, huenda hakuoka kitu maishani mwake. Ni mtu aliyekaa jirani na tanuri. Ndivyo alivyo Dupont wa darajani, Dubois wa msituni na Dumoulin wa kwenye kinu, na hao Deschamps wa mashambani. Katika majina ya mahali, hayo mwandishi aliyapatia, kwa hiyo sitakawia hapo.

Kuna siku nilikuwa na mgeni aitwaye Charpentier, jina ambalo kila kamusi itakwambia ni seremala. Tulisimama kwenye karakana moja isiyo mbali na Ndia Kuu, fundi akichonga nakshi ya fremu ya mlango, patasi nyembamba mkono wa kushoto, gongo mkono wa kulia, na maganda ya mti yakijikunja juu ya vidole vya miguu yake. Nilimwambia fundi kwamba huyu mgeni jina lake ni Seremala. Fundi hakuinua kichwa. Alisema, "Basi mpe patasi twone." Mgeni alipofasiriwa alicheka sana, kisha akanifunza jambo: kwao charpentier hachongi milango. Huyo ni mwenye kuunganisha magogo na mbao za paa, na mtengenezaji wa milango na makabati ni mtu mwingine, menuisier. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba ukirudi nyuma zaidi, hadi kwenye Kilatini, neno hilo lilimtaja mtengenezaji wa magari ya kukokotwa. Jina moja, kazi tatu, na mgeni wangu mwenyewe alikuwa wakala wa bima.

Naomba sasa nitoe mfano wa nyumbani kwangu. Babu yangu mzaa baba alikuwa mshona matanga. Alikaa kivulini karibu na Bandari ya Kale, marikani imetandazwa magotini, sindano nene yenye ncha ya pembe tatu mkononi, akiusugua uzi kwa nta mpaka ukawa unalia akiuvuta. Watu walimwita Tanga. Jina lake hasa, pamoja na bin yake na jina la baba yake, lilijulikana nyumbani na msikitini, lakini mtu akitaka kushonewa hakuuliza ila kwa Tanga. Baba yangu alipopelekwa kuandikishwa, karani wa ofisi moja aliuliza jina la tatu, mtu mmoja aliyekuwa kwenye foleni akasema, "Huyu ni wa kwa Tanga," na karani akaandika hivyo hivyo, bin ikaachwa nje. Mimi sijawahi kushona tanga hata moja, na mwanangu mkubwa anaandika programu za kompyuta. Kinachonichekesha ni kwamba nimeulizwa mara nyingi sana, hata na watu wenye elimu yao, ikiwa sisi tulihamia kutoka mji wa Tanga. Wamesoma jina sawasawa, na wamekosea.

Ufaransa ilipitia njia hiyo hiyo, tofauti ni ya wakati tu. Kuanzia karne ya 12 hivi, vijiji vilipojaa watu na majina ya ubatizo yakawa machache kuliko watu wenyewe, majirani walianza kuongeza la pili: la kazi, la mahali, la baba, au la tabia. Polepole jina la pili likaanza kurithiwa. Mwezi Agosti 1539, Mfalme François wa Kwanza, kwa amri iliyotolewa Villers-Cotterêts, aliwataka mapadri waweke madaftari ya ubatizo, na amri hiyo hiyo ndiyo iliyoamuru hati za mahakama ziandikwe kwa Kifaransa badala ya Kilatini. Wakati wa Mapinduzi, mwaka 1792, daftari lilitolewa kanisani likapelekwa kwa serikali za mitaa, na tarehe 23 Agosti 1794 ikapitishwa sheria iliyokataza raia kutumia jina lolote lisilokuwa kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Tangu hapo jirani hakuwa tena na kauli; aliyekuwa na kauli ni karani.

Katika zama za jirani, utani ulikuwa mwingi, na hilo ndilo linalowapotosha wafasiri. Leroy maana yake ni mfalme, lakini wafalme hawakuwa na haja ya jina la ukoo. Aliyeitwa hivyo pengine aliigiza mfalme katika sherehe za kijiji, au alitembea kifua mbele kana kwamba nchi ni yake. Labbé ni mkuu wa watawa, mtu asiyetarajiwa kuacha kizazi cha halali. Jina hilo lilimwangukia mtu mwenye sura ya utawa, au aliyewafanyia watawa kazi, au, midomo ya watu ilivyo, mtu aliyesemwa vingine. Lelièvre, sungura, ni mwenye mbio au mwoga. Poisson, samaki, mara nyingi ni muuzaji wake.

Renard anastahili sentensi zake mwenyewe, kwa kuwa hapo mwandishi alipita njia kinyume. Zamani mbweha kwa Kifaransa aliitwa goupil. Renard lilikuwa jina la mtu, lenye asili ya Kijerumani, na katika hadithi za wanyama zilizopendwa sana Zama za Kati mbweha mjanja alipewa jina hilo, kama sisi tunavyomwita sungura wa hadithi Bwana Sungura. Hadithi zikavuma hadi jina la mhusika likawa ndilo jina la mnyama, goupil akasahauliwa. Basi mababu wa ukoo wa Renard wengi walikuwa ni watoto wa mtu aitwaye Renard, nao wenye jina la mbweha wa kweli ni akina Goupil. Na isidhaniwe kwamba safari hiyo ya jina kugeuka nomino ni ya zamani tu: Eugène Poubelle, aliyekuwa mkuu wa utawala wa Paris, aliamuru mwaka 1883 kwamba wenye nyumba waweke mapipa ya taka, na wakazi wa Paris wakayaita mapipa hayo poubelle, neno ambalo leo halina mpinzani katika Kifaransa. Naye alikuwa msomi wa sheria, maskini.

Lipo jina moja ambalo ningelipenda gazeti la pwani kama hili lilitaje, lakini halikuwamo katika makala. Poivre ni pilipili manga. Pierre Poivre, mzaliwa wa Lyon wa mwaka 1719, alikuwa msimamizi wa visiwa vya Île de France na Bourbon, ambavyo leo ni Mauritius na Réunion, kuanzia mwaka 1767 hadi 1772. Ndiye aliyepanga safari zilizovunja ukiritimba wa Waholanzi kwa kuleta Mauritius miche ya karafuu na kungumanga kutoka visiwa vya Maluku mwaka 1770, na ni kutoka kwenye visiwa hivyo vya Wafaransa kwamba mkarafuu ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, ukaenea hadi Pemba. Kila anayesikia habari hii huniambia kwamba bila shaka aliitwa Pilipili Manga kwa sababu ya biashara ya viungo. Hapana. Alizaliwa na jina hilo, katika nyumba ya wafanyabiashara wa hariri, na viungo vilikuja baadaye. Kama kuna babu aliyeuza pilipili, alikuwa amekwisha kufa na kusahauliwa siku nyingi.

Visiwa hivyo hivyo vinanilazimu nitaje upande wa pili wa habari ya karani. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka. Watu wa pwani yetu na wa bara yake, pamoja na wa Msumbiji na Madagaska, walipelekwa huko kwa miongo mingi wakiandikwa kwa jina moja tu. Utumwa ulipokomeshwa Réunion, tarehe 20 Desemba 1848, watu zaidi ya 60,000 walitakiwa kuwa na jina la ukoo, na makarani wakalazimika kubuni maelfu ya majina kwa muda mfupi: ya mimea, ya vitu, ya siku na miezi, ya miungu ya Kirumi, na mengine yaliyopatikana kwa kupindua herufi za jina jingine. Mtu wa huko leo akiwa na jina la ua au la mwezi, jina hilo halielezi kazi ya babu yake wala mahali alipokaa. Linaeleza kilichopita kichwani mwa karani asubuhi hiyo. Ndiyo sababu ninamheshimu Jenerali Thomas-Alexandre Dumas, aliyezaliwa mwaka 1762 Saint-Domingue, ambayo sasa ni Haiti. Baba yake alikuwa Mfaransa wa ukoo wa kifahari, lakini alipojiunga na jeshi mwaka 1786 alijiandikisha kwa jina la mama yake, mwanamke aliyekuwa mtumwa. Katika Kifaransa cha kusini mas ni nyumba ya shamba, na Dumas ni mtu wa hapo. Angefasiriwa na gazeti lenu angekuwa Bwana Shamba, jirani kabisa na nahodha Deschamps, na msomaji asingejua kwamba majina hayo mawili yalipita katika milango tofauti kiasi hicho.

Siku hizi Wafaransa wamelegeza kamba. Tangu mwaka 2005 wazazi wanaweza kumpa mtoto jina la mama, la baba au yote mawili, na tangu Julai 2022 mtu mzima anaweza kuchukua jina la mzazi wake mwingine kwa kujaza fomu kwenye ofisi ya mji wake. Kabla ya hapo aliyechoka kuitwa Cochon, yaani nguruwe, alipaswa kuiomba serikali na kungoja.

Ombi langu kwenu ni dogo. Naomba mlirekebishe hilo la Bwana Jasho katika toleo lijalo, kwa kuwa watoto wa shule wanaojifunza Kifaransa wanasoma gazeti hili na nimekwisha kumsikia mmoja akilitumia. Renard mnaweza kumwacha hadi mpate nafasi. Ama Lebœuf, yeye simwondoi, kwa sababu jina lake kweli lilianzia zizini, ama kwa kuchunga ama kwa kuwa na shingo nene. Ila bœuf si ng'ombe hivi hivi tu, ni dume aliyehasiwa akafungwa jembe, na Kiswahili kina neno lake. Andikeni Maksai.

Wenu,
Mzee Tanga,
Kibokoni, Mombasa